Mpishi aliyeitwa na mababu: kisa cha mafunzo ya uganga kilichofika Bloemfontein

Mwanzoni mwa 2007 mpishi mmoja wa hoteli ya kitalii nje kidogo ya Pretoria, Afrika Kusini, alimwomba mkuu wake wa jikoni ampangie zamu za asubuhi. Alasiri alikuwa na masomo. Mkuu akakubali, na kwa muda mambo yakaenda vizuri: asubuhi mama huyu yuko kwenye majiko, alasiri yuko kwa mwalimu wake. Alichokuwa akijifunza ni uganga.

Juni ilipokaribia, mafunzo yakafika hatua ambayo mwanafunzi hawezi tena kwenda na kurudi. Lazima ahamie kwa mwalimu. Akaomba likizo ya wiki tano bila malipo. Hoteli ikasema haiwezekani: siku zake za likizo alishazimaliza na jikoni watu hawatoshi. Ikamkubalia wiki moja. Akaleta barua ya mwalimu wake, iliyoandikwa kwa Kiingereza cha kuokoteza. Ilieleza kwamba mganga alimwona mpishi Januari mwaka ule, akabaini kuwa mababu wanamwita, na kwamba atakuwa chini ya uangalizi wake tangu tarehe 4 Juni hadi 8 Julai.

Barua haikubadili kitu. Mpishi akaondoka hivyo hivyo. Aliporudi Julai alikuta kikao cha nidhamu kinamngoja: utoro kazini, ukaidi, kutotii amri halali. Akaachishwa kazi.

Namwita mpishi tu. Jina lake limo kwenye hukumu za mahakama na anayelihitaji atalipata, lakini kwa haya ninayotaka kuyasema halina kazi. Linalonishughulisha ni ile barua. Hoteli iliiona kama karatasi isiyo na uzito, na kwa mtu aliyekaa ofisini siku ile, kusema kweli, sioni angeipima kwa kipimo gani. Ushahidi uliotolewa baadaye ulionyesha kwamba cheti cha daktari wa hospitali kingepokelewa. Cha mganga hakikuwa na mahali pa kuwekwa. Mpaka leo, kila tunapokaa kujadili nani ampe mganga cheti na nani ampe mwalimu wa uganga idhini ya kufundisha, swali ni lile lile lililokuwa juu ya meza ya yule mkuu wa jiko.

Kwanza tuelewe alikokwenda. Kusini mwa Afrika, mtu haamki tu akaamua kujiandikisha kuwa isangoma, yaani mganga mwaguzi. Anaitwa. Wito huja kwa ndoto zinazojirudia, kwa maradhi ambayo hospitali haiyapatii jina, kwa mambo ya nyumbani kuharibika bila sababu inayoonekana. Anayeitwa asipoitika, maradhi huzidi, na wanaoamini wanasema anaweza kufa. Kuitika ndiko kuanza ukuthwasa, yaani kuingia chini ya mwalimu anayeitwa gobela, kukaa kwake, kufuata miiko yake, kuamka alfajiri, kucheza ngoma, kujifunza kuagua, na kujifunza miti: upi unachimbwa mzizi, upi unabanduliwa gome, upi unachemshwa na upi unaungamanishwa na mwingine. Wapo pia wanaojishughulisha na mitishamba peke yake bila kupiga ramli. Kwa Kizulu huyo ni inyanga. Wasotho na Watswana humwita mganga ngaka, na wengi wao ni dingaka. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kamusi hapa. Inyanga, ngaka, n'anga ya Washona, nganga ya Wakongo na mganga wetu ni neno moja lililosafiri, na ndani ya isangoma kuna ngoma ile ile tunayoipiga sisi.

Ukuthwasa una mtihani wake. Siku ya kuhitimu, watu huficha vitu na mwanafunzi hutakiwa avitafute kwa nguvu ya uaguzi mbele ya umati: ndugu, majirani, na waganga wengine waliokuja kumwangalia yeye na kumwangalia aliyemfundisha. Akishindwa, aibu si yake peke yake. Mwalimu naye ameshindwa, mbele ya wenzake wa fani. Nalisisitiza hili kwa sababu wanaosema uganga wa jadi hauna utaratibu wa kuthibitisha ujuzi hawajauona. Utaratibu upo, una mashahidi, na una gharama kwa anayeudanganya. Kinachokosekana ni njia ya kuutambulisha kwa mtu asiyekuwapo uwanjani, kama meneja wa hoteli.

Mpishi alipeleka malalamiko yake kwenye tume ya usuluhishi na uamuzi wa migogoro ya kazi, chombo ambacho Mtanzania anayeijua CMA, tume ya namna hiyo ya kwetu, atakielewa mara moja. Hapo likatokea jambo ambalo kwangu ndilo moyo wa kisa chote. Mwalimu wake alikuja. Mganga yule aliyeandika barua alikaa mbele ya mwamuzi na kueleza kwa mdomo yale ambayo barua ilishindwa kuyaeleza: wito ni nini, alimkuta mwanafunzi wake katika hali gani, kwa nini mafunzo yasingeweza kukatizwa, na nini kingempata kama angepuuza. Upande wa mwajiri haukuleta mtu wa kuyapinga maelezo hayo. Ushahidi ukabaki umesimama. Mwamuzi akaona kwamba mpishi alikuwa na sababu ya haki ya kutokuwapo kazini, na akaagiza arudishwe.

Hoteli haikuridhika. Ikaenda Mahakama ya Kazi, ikashindwa. Ikaenda Mahakama ya Rufaa ya Kazi, ikashindwa tena Julai 2012. Ikapanda hadi Mahakama ya Juu ya Rufaa iliyoko Bloemfontein, na tarehe 29 Novemba 2013 ikashindwa kwa mara ya mwisho. Miaka sita na zaidi kwa likizo ya wiki tano. Majaji wa rufaa ya kazi walikumbusha kwamba jamii ya Afrika Kusini ina mila na imani nyingi, na kwamba watu hawana budi kuchukuliana kwa kiasi kinachowezekana. Hukumu ya Bloemfontein, iliyoandikwa na Jaji Cachalia, ilikwenda kwa mwendo mwingine. Mahakama, alieleza, haina uwezo wala ruhusa ya kupima kama imani ya mtu ina mantiki au inaeleweka. Inachoweza kupima ni kama mtu huyo anaiamini kwa dhati. Mpishi aliamini kwamba asipoitika atadhurika. Aliondoka kwa hofu hiyo, wala hakuondoka kwa dharau. Hilo lilitosha kuwa udhuru.

Hapa wengi wameisoma hukumu vibaya. Magazetini na vijiweni ilisemwa kwamba sasa karatasi ya mganga ni sawa na ya daktari. Siyo. Mpishi hakushinda kwa sababu barua yake ilikubaliwa kuwa cheti cha ugonjwa, ile ambayo wafanyakazi wa Tanzania tunaiita ED. Sheria ya Afrika Kusini ya Masharti ya Msingi ya Ajira ya 1997, kifungu cha 23, inataka cheti cha namna hiyo kitiwe saini na daktari au mtu mwingine aliyethibitishwa kuchunguza na kutibu wagonjwa, na aliyesajiliwa na baraza la kitaaluma lililoundwa kwa sheria ya Bunge. Mwalimu wa mpishi hakuwa na baraza la namna hiyo la kumsajili. Ushindi ulipatikana kwa kuizunguka barua na kumtazama mtu.

Na ukitazama kalenda, utaona jinsi barua ile ilivyozaliwa katika wakati mbaya. Afrika Kusini ilikuwa imetunga Sheria ya Waganga wa Jadi, namba 35 ya 2004. Shirika moja la madaktari, Doctors for Life, likaipeleka Mahakama ya Katiba, hoja yake ikiwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo ilipopita kwenye baraza la pili la Bunge, lile linalowakilisha majimbo. Agosti 2006 mahakama ikakubali. Hukumu iliyoandikwa na Jaji Ngcobo ilitamka sheria ile kuwa batili, lakini ikaahirisha ubatili huo kwa miezi 18 ili Bunge lirekebishe. Juni 2007, mpishi anapoweka barua mezani, tuko katikati ya miezi hiyo 18. Sheria imeshahukumiwa kufa, haijazikwa, na mrithi wake hajazaliwa. Sheria mpya, namba 22 ya 2007, ilitiwa saini na Rais Januari 2008, wakati mpishi alishafukuzwa.

Sheria hiyo mpya ninaipenda kwa mambo mawili. La kwanza ni namna ilivyotambua msingi wa fani yenyewe. Inaeleza falsafa ya jadi kuwa ni mbinu, kanuni, imani na desturi za Kiafrika, pamoja na matumizi ya dawa za asili, zilizotoka kwa mababu kuja kwa wazao, ziwe zimeandikwa au hazikuandikwa, ziwe zinaungwa mkono na sayansi au haziungwi. Mtunga sheria hakumtaka mganga ajifanye mfamasia ndipo asikike. La pili ni mwalimu. Sheria inamtambua mwalimu wa jadi kuwa ni mganga aliyesajiliwa ambaye, juu ya usajili huo, amepewa na baraza ithibati ya kufundisha. Yaani kuwa mganga ni jambo moja, na kuruhusiwa kufinyanga waganga wengine ni jambo jingine lenye lango lake. Inawataja wanafunzi pia, na inagawa fani katika makundi manne: waaguzi, waganga wa mitishamba, wakunga wa jadi na wapasuaji wa jadi, hao wakiwa ndio watahiri wa jandoni.

Kwenye karatasi, hilo ndilo jibu la swali la mkuu wa jiko. Mwalimu mwenye ithibati, mwanafunzi anayejulikana, barua yenye namba. Lakini utekelezaji ulikwenda kwa mwendo wa kobe. Baraza la muda lilizinduliwa Februari 2013 na waziri wa afya wa wakati huo, Aaron Motsoaledi. Sehemu kubwa ya vifungu vilivyobaki ilianza kutumika Mei 2014. Rasimu ya kanuni iliyotolewa Novemba 2015 ikataka mwanafunzi awe amefikia angalau ngazi ya kwanza ya elimu ya watu wazima, yaani kujua kusoma na kuandika. Kelele zikapigwa. Mwaka 2024 ikatoka rasimu nyingine ili watu watoe maoni. Nchi inayokadiriwa mara nyingi kuwa na waganga wapatao 200,000 imekuwa ikirekebisha lango huku watu wakipita pembeni.

Sasa niseme ninapotofautiana na wanaoishangilia hukumu ile bila kusita. Kipimo cha dhati kilimtendea haki mpishi. Kwa mgonjwa, hakitoshi kabisa. Mtu anaweza kuitwa kweli, akaamini kweli, akahitimu kwa machozi ya furaha, kisha akaua mtoto kwa dawa aliyoipima kwa jicho. Katika jimbo la KwaZulu-Natal kuna mmea unaoitwa impila, jina linalotokana na neno la Kizulu la afya na uzima. Kitaalamu ni Callilepis laureola. Mizizi yake imetumika vizazi na vizazi, na mizizi hiyo hiyo ina sumu iitwayo atraktilosaidi inayoharibu ini na figo. Madaktari wa Durban wamewapokea watoto waliokunywa impila na kuwazika. Walionywesha dawa ile hawakuwa matapeli. Waliipata kwa nia njema, kwa jina zuri, na mara nyingi sokoni tu. Kwenye soko la Warwick mjini Durban au Faraday mjini Johannesburg mzizi unauzwa kwa fungu bila aliyeuchimba kujua atakayeunywa ana umri gani.

Hapo ndipo ninapotaka ithibati ing'ate. Dini ya mwanafunzi, ndoto zake na mababu zake havihitaji muhuri wa serikali, na jaji alisema vizuri kwamba si kazi ya mahakama kuvipima. Kwa maoni yangu si kazi ya baraza pia. Lakini mwalimu anayetaka ithibati aulizwe: miti gani unaifundisha? Upi kati yake huwapi watoto, wajawazito, au mtu anayetumia vidonge vya hospitali? Mwanafunzi wako anaitambua impila ikiwa mbichi, ikiwa kavu, ikiwa imesagwa? Mgonjwa akiwa na macho ya manjano unampeleka wapi, na unamwandikia nini? Haya ni maswali ambayo gobela mzuri anayajibu amekaa chini, bila cheti cha darasa la saba. Mwenye shahada asiyewahi kuchimba mzizi hawezi kuyajibu. Ndiyo maana sharti la kusoma na kuandika linaniudhi likiwekwa mbele. Linampima mtu kwa kitu kilicho rahisi kukipima, wakati hatari iko kwenye kitu kigumu.

Ghana walichagua njia nyingine. Sheria yao namba 575 ya 2000 iliunda baraza la tiba asili, na mwaka 2001 Chuo Kikuu cha Kwame Nkrumah cha Sayansi na Teknolojia kilichoko Kumasi kikaanza shahada ya tiba ya mitishamba. Wahitimu wake sasa wamo katika vitengo vya mitishamba vya baadhi ya hospitali za umma. Ni kazi ya kuheshimiwa. Kwa kipimo cha muhuri, Ghana wako mbele. Lakini shahada ile isingemsaidia mpishi wetu, kwa sababu hakwenda kutafuta kazi nyingine. Alikwenda kutibiwa na kufundishwa kwa wakati mmoja, kwa mtu mmoja, na chuo hakina mlango wa kuingilia mtu wa namna hiyo. Chuo kinaweza kukaa kando ya kilinge. Kukirithi hakiwezi.

Tanzania tuliitangulia Afrika Kusini kutunga sheria. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala, namba 23, ni ya 2002, na Baraza lake linasajili watoa tiba, vituo na dawa. Muhimbili wamekuwa wakichunguza tiba asili tangu 1974. Lakini muulize mganga aliyesajiliwa ni nani alimfundisha. Atakutajia babu, shangazi, au mzee wa kijiji cha tatu ambaye alimwachia mkoba. Ukimuuliza mzee huyo naye anatambulikaje kama mwalimu, utaona watu wanatazamana. Tunamsajili aliyepokea mkoba na tunamsahau aliyeukabidhi. Wazee walisema mganga hajigangi, na kwenye jambo hili nauchukua msemo huo kwa maana yake ya wazi kabisa: mtu hawezi kuwa shahidi wa ujuzi wake mwenyewe. Anahitaji wa kumsemea, na anayemsemea lazima ajulikane ni nani, yuko wapi, na atawajibikaje mwanafunzi wake akiharibu.

Narudi kwa mwalimu wa mpishi. Fikiria alivyokaa mbele ya mwamuzi. Hakuwa na namba ya usajili, hakuwa na hati yenye nembo ya taifa, na Kiingereza cha barua yake kingeweza kuchekwa. Lakini alikuja, akasema huyu ni mwanafunzi wangu, nilimkuta hivi, nikamfanyia hivi, na akakubali kuulizwa. Kazi yote ambayo baraza lingeifanya kwa muhuri, yeye aliifanya kwa kuweka uso wake pale. Ukisoma hukumu zote za rufaa, kila moja inarudi kwenye ushahidi wake usiopingwa. Ingekuwa barua peke yake, naamini mpishi angeshindwa tangu siku ya kwanza.

Na hoteli nayo nisiionee. Jiko la hoteli haliendeshwi kwa huruma. Mtu mmoja akikosekana wiki tano, wenzake wanalala wamechoka. Mwajiri alibadilisha zamu miezi ya mwanzo bila kushurutishwa na mtu, na hilo ni zaidi ya wanalolipata wafanyakazi wengi. Kosa lake lilikuwa kudhani kwamba kwa kuwa hawezi kuipima barua, basi hakuna la kupima. Simu moja kwa mwandishi wa barua ingemfungulia mengi. Meneja angeweza kumuuliza mwalimu kama wiki tano zinaweza kugawanywa, au kama mwezi mwingine ungefaa. Labda jibu lingekuwa hapana. Lakini angekuwa ameuliza mtu anayejua.

Kwa mwanafunzi wa uganga aliyeajiriwa leo Afrika Kusini, hali imebadilika kidogo tu. Akiumwa na kutibiwa na mganga, kifungu cha 23 bado kinadai jina lililo kwenye daftari la baraza. Akitaka kwenda kuthwasa, bado atategemea mazungumzo na bosi wake, na yakivunjika atategemea hukumu ya 2013 na mwalimu aliye tayari kupanda basi kwenda kutoa ushahidi. Barua ya Juni 2007 haikuwa na namba ya usajili kwa kuwa hapakuwa na dirisha la kuiombea. Dirisha limeshajengwa. Wanafunzi wengi walioko kwa walimu wao usiku huu wanafundishwa na watu ambao hawajawahi kulifikia, na mwezi ujao mmoja wao atahitaji barua.